Siku Niliyoukataa Wembe

Daudi, Mbulu
Jumatano mchana

Natalia mwanangu,

Umetoka asubuhi kwenda Nambis kumuaga shangazi yako, na najua hutarudi kabla jua halijapungua, kwa sababu Paskalina hamruhusu mgeni aondoke bila kula. Baba yako yuko ng'ambo ya korongo anaziba uzio. Nimebaki peke yangu na daftari lako la zamani la baiolojia, lile ambalo kurasa za nyuma hukuziandika, ambalo sasa ndilo ninalokwenda nalo kwenye darasa letu la watu wazima. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako. Isome leo jioni, kabla hujatia kufuli. Usiiache uisome chuoni Singida, maana ndani yake kuna jambo la kesho.

Sitakuandikia habari za shuka, ndoo na sabuni. Hayo tumeyasema wiki nzima mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza kusema. Nataka kukuandikia juu ya kichwa chako, na juu ya changu, ambacho wewe niliyekuzaa na kukulea miaka ishirini hujawahi kukiona wazi.

Kwanza nikiri kosa. Jumapili ulipokwenda misa ya pili nilifungua sanduku lako. Chini, ndani ya gauni lako la bluu, nilikuta kopo dogo. Lina picha ya mwanamke mwenye nywele zinazofika kiunoni. Nililigeuza pande zote. Halisemi limetengenezwa kwa kitu gani, halisemi litaharibika lini, na maandishi yake si Kiswahili wala si Kiingereza unachonifundisha. Nilifungua kifuniko nikanusa. Harufu ile naijua, Natalia. Nilirudisha kila kitu kama nilivyokikuta, na tangu siku hiyo nikikutazama najisikia mwizi ndani ya nyumba yangu.

Lakini nilikuwa na sababu ya kutafuta. Wiki mbili sasa unajifunga kitambaa hata jikoni, hata ukilala. Miaka yote ya shule mlinyolewa, na nywele hizi ulizoziotesha tangu umalize kidato cha sita ndizo nywele zako za kwanza za kujipamba. Ulizitia dawa, ukazisuka rasta, ukazifumua, ukazisuka tena, na nilifurahi kukuona umependeza. Basi msichana wa namna hiyo anapoanza kujificha, mama anajiuliza. Siku ile ulipokuwa unanawa pale kwenye pipa, kitambaa kiliteleza, nikaona juu ya masikio yako ngozi imeachwa wazi, inang'aa. Ukageuka ukanikuta.

"Mama, unaangalia nini?"

"Naangalia kama sabuni imetoka," nikasema.

Tulidanganyana wote wawili, na kila mmoja alijua. Nimeona namna uongo kama huo unavyokua. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ulipokuwa na miezi minne, nywele zangu zilianza kutoka. Sisemi kupungua, nasema kutoka. Nikichana zinakuja na kitana, nikinawa zinabaki kwenye beseni, asubuhi nazikuta kwenye kanga niliyolalia. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na nywele zilikuwa sifa yangu. Hujui miaka ile ilivyokuwa. Tulipokuwa wadogo tulipanga foleni kupata kipande kimoja cha sabuni ya kufulia tukagawana kwa kisu. Halafu biashara ikafunguliwa, na mnadani, pale pale walipokuwa wakiuza ng'ombe na mashuka tu, ukakuta mitumba, redio, mafuta ya kujipaka ya kila rangi, na dawa za kunyoosha nywele katika maboksi yenye picha za wanawake wa Ulaya. Mimi nilikuwa wa pili au wa tatu hapa Daudi kunyoosha. Iliniunguza mpaka nikalia, na nilipojiona kwenye kioo nikasahau maumivu.

Aliyekuwa akinisuka ni shangazi yako. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, bado yuko hapa nyumbani kwa mama yake, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya mtu yeyote. Kila Jumapili baada ya misa nilikaa kati ya magoti yake, wewe ukiwa mapajani pangu. Akimaliza, alikuwa anaokota nywele zilizoanguka, moja moja, anazifunga kwenye pindo la kitenge chake na kuondoka nazo. Mwanzoni sikuona kitu. Zilipoanza kutoka kwa wingi nikaanza kumtazama.

"Wifi, hizo nywele unazipeleka wapi?" nilimuuliza siku moja.

"Kuzifukia. Unataka kuku wazichezee?"

"Unafukia wapi?"

"Wewe nawe! Unataka nikuchoree ramani?" Akacheka, akanipiga begani na kitana. "Kaa sawa, nisije nikakusuka upande."

Angekuwa mtu mwingine angecheka naye. Mimi nilikwenda nyumbani nikayapima maneno yake. Kwa nini hakunionyesha mahali? Kwa nini alicheka? Nilikumbuka kwamba mama mkwe hakupenda nilivyonyoosha nywele. Nilikumbuka kwamba Paskalina aliwahi kusema, "Natamani ningekuwa na nywele kama zako." Nilivikusanya vitu hivyo kimoja kimoja, kama yeye alivyokuwa anakusanya nywele, mpaka vikawa kitu kizima kichwani mwangu. Nikaamini kwamba nywele zangu zilikuwa zimepelekwa kwa mtu.

Sikumwambia yeyote. Nikaanza kutafuta dawa kwa siri.

Nilipaka mafuta ya nyonyo. Nilipaka maji ya kitunguu mpaka baba yako akauliza kama ninalala jikoni. Nilipaka shubiri. Mnadani nilimkuta mama mmoja Mbarbaig aliyetoka Dirma, amekaa na vibuyu vyake, kichwa chake kimenyolewa kinang'aa juani. Alikuwa na mafuta ya kondoo. Nilimuuliza taratibu, nikijifanya namuulizia mtu mwingine, kama yanaotesha nywele. Alinitazama mpaka nikaona haya.

"Haya ni ya ngozi," alisema. "Ngozi ikikauka unapaka. Kuotesha nywele mimi sijui, mimi mwenyewe nanyoa." Kisha akasema, "Huyo mtu mwingine, mwambie aache kujisumbua."

Nilimwona ni mshamba. Leo najua kwamba katika watu wote walioniuzia kitu mwaka ule, ni yeye tu aliyesema ukweli, na sikununua kwake.

Nilinunua kwa kijana mwenye kipaza sauti. Alisimama juu ya gari lake na chupa mkononi. "Akina mama! Wiki mbili tu! Nywele zilizokatika, zilizonyonyoka, zilizokataa kuota! Mume atauliza, nani huyu mgeni?" Watu wakacheka. Hakumuuliza mtu hata mmoja kama ana ugonjwa, kama amejifungua, kama ngozi ina kidonda. Dawa moja kwa vichwa vyote. Ilinuka kama kopo lako. Nilipaka usiku wa kwanza ikawasha. Nikasema, inafanya kazi. Usiku wa pili ikachoma, nikasema, inapambana na ule uchawi. Wiki ya pili pembeni mwa kichwa palitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoa maji. Na kwa kuwa sikutaka mtu aone, nilimwambia Paskalina anisuke kwa kuvuta sana, mistari ipite juu ya pale palipoharibika.

"Wifi, hapa una vidonda. Siwezi kuvuta hapa."

"Vuta."

"Utaumia."

"Nimesema vuta. Au una sababu ya kuogopa kuvigusa?"

Akavuta. Hakuelewa nilichomaanisha. Machozi yalinitoka, na nilikuwa naitazama mikono yake kwenye kivuli ukutani nione atafanya nini na nywele zitakazoanguka.

Kisha mama mkwe akafariki. Aliugua kifua siku chache tu. Unajua desturi yetu kwenye msiba wa mzazi, wana na wakwe wananyolewa. Tuliketi uani, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Kulikuwa na beseni la maji, sabuni na pakiti ya nyembe mpya, kila mtu wembe wake, kwa sababu wakati ule tulikuwa tumeanza kuogopa ukimwi. Kwa wanawake aliyekuwa akinyoa ni Paskalina. Kichwa chake kilikuwa tayari kimenyolewa na uso wake umevimba kwa kulia. Alinyoa dada zake, akanyoa wake wa kaka zake, akafika kwangu.

"Wifi, sasa wewe."

"Mimi nitanyoa nyumbani."

"Nyumbani si ndiyo hapa?"

Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwacheni, huyo ana mtindo wa Arusha, dawa yake ni ghali." Wachache wakacheka, hata msibani watu hucheka. Mimi sikuwa nawaza mtindo. Nilikuwa nawaza kwamba kitambaa kikitoka na rasta zikikatwa, ukoo mzima utaona makovu, na watasema mwanamke huyu ana ugonjwa, au amelaaniwa, au ameoza. Niliushika mkono wa Paskalina nikausukuma.

Mzee wa ukoo, mdogo wake marehemu babu yako, aliacha kuzungumza. "Binti," alisema, "aliyelala pale hakuwa mama yako?"

"Shikamoo mzee. Alikuwa mama yangu."

"Sasa wembe wake unaukataa kwa nini? Mtu akiogopa kunyolewa kwenye msiba, tunajiuliza ana jambo gani na marehemu."

Nilielewa walichokuwa wanafikiri. Walifikiri mimi ndiye niliyemdhuru. Ningeweza kufungua kitambaa, Natalia. Jambo lote lingekwisha kwa kufungua fundo moja. Wangeona vidonda, wangenihurumia, labda mwanamke mmoja angeguna, basi. Badala yake nilinyoosha kidole.

"Msiniulize mimi," nikasema. "Muulizeni huyu, nywele zangu alikuwa akizipeleka wapi. Mwaka mzima anakusanya nywele zangu. Muulizeni anazipeleka kwa nani. Na sasa mama amekufa."

Nilisema hivyo mbele ya watu wote, juu ya msichana aliyekuwa amefiwa na mama yake, akiwa na wembe mkononi na sabuni kwenye vidole. Aliuweka wembe kwenye beseni polepole, akaingia ndani.

Baba yako alinishika mkono akaniondoa pale. Tulipofika kwenye nyumba yetu alifunga mlango, akaleta maji na wembe mwingine, akasema, "Kaa." Alinifungua kitambaa mwenyewe. Alikata rasta moja moja na mkasi. Alipofika pembeni akasimama, nikasikia pumzi yake.

"Hiki ndicho ulichokuwa unaficha?"

Nikainua mkono kupafunika.

"Kwa hiki umemuua dada yangu?"

Nilisema hajafa mtu mwingine. Akasema, "Ngoja uone."

Niliona. Kulikuwa na fundi seremala wa hapa hapa Daudi ambaye watu wake walikuwa wamekuja mara mbili kuzungumza habari za Paskalina. Hawakuja mara ya tatu. Wanawake waliacha kumletea watoto awasuke. Mtoto akiharisha, jina lake linatajwa. Baada ya mavuno alichukua vitu vyake akahamia Nambis kwenye kipande cha shamba la mama yake. Umekuwa ukiniuliza tangu mdogo kwa nini shangazi mzuri namna ile hakuolewa. Niliwahi kukuambia hakupenda. Leo nakuambia ni mimi.

Wiki iliyofuata msiba baba yako alinipeleka hospitali ya misheni. Nilitegemea daktari atanitazama mara moja na kuniandikia dawa. Hakutazama hata kichwa mwanzoni. Aliuliza nimejifungua lini. Aliuliza damu yangu ya mwezi ikoje, kama nachoka, kama nasikia baridi kuliko wengine, kama kwetu kuna watu wenye rovu, ule uvimbe wa shingo. Alinishika shingo, akavuta kope yangu ya chini akaangalia wekundu. Akaagiza nitolewe damu. Kisha ndipo akasema, "Sasa nionyeshe." Akagusa pembeni kwa kidole, akauliza nilipaka nini. Nilitaja vyote isipokuwa chupa. Akanitazama. Nikataja na chupa.

"Mama," alisema, "baada ya kuzaa, nywele za wanawake wengi hupukutika. Mwezi wa tatu, wa nne, zinatoka kwa wingi mpaka mtu anaogopa. Halafu zinarudi zenyewe. Hapa katikati, unaziona? Zimesharudi. Hakuna aliyezichukua." Akagusa tena pembeni. "Hapa zingerudi pia. Hapa ngozi imeungua, halafu imevutwa ikiwa na kidonda. Imekuwa kovu, na kovu halioti nywele."

Nilimuuliza dawa. Alinipa vidonge vya kuongeza damu, kwa sababu damu yangu ilikuwa ndogo, akasema niache dawa za kunyoosha na niache kusuka kwa kuvuta. Basi. Nilitoka pale nikamwambia baba yako kwamba daktari yule hajui kazi, au anawawekea dawa nzuri watu wengine. Hebu ona nilivyokuwa. Aliyenidanganya kwa kipaza sauti nilimwamini usiku ule ule, na aliyeniambia ukweli kwa kunishika kichwa nilimshuku njia nzima ya kurudi.

Bado mimi ni mtu wa kushuku, sitajifanya nimebadilika. Nahesabu vijiti vya kiberiti. Nikisikia mtu anasifu, nasubiri nijue anataka nini. Lakini nimejaribu kuihamisha shaka yangu kutoka kwa watu na kuipeleka kwenye makopo, na huko ina kazi nzuri zaidi. Ndiyo sababu hasa iliyonifanya nirudi shule na umri huu, ingawa niliwaambia wenzangu ni kwa ajili ya kusoma barua za ushirika. Nilitaka kujua tundu la nywele likoje. Nililikuta kwenye daftari lako, umelichora vizuri kwa penseli, na mzizi wake na mshipa wake wa damu, na nikakaa nalo muda mrefu.

Nimeuliza pia. Wiki jana nilikwenda kwa nesi wa zahanati, nikasema wazi kwamba ni kwa ajili ya binti yangu. Amenisomesha kuliko nilivyotegemea. Anasema wanawake hupoteza nywele kwa njia nyingi, na kila njia ina tiba yake, ndiyo maana chupa moja kwa wote ni ya kuogopa. Kuna zinazotoka kwa sababu ya mapunye, na hayo yanataka vidonge vya kumeza, kupaka peke yake hakutoshi. Kuna zinazotoka kwa duara kama sarafu, ngozi ikiwa safi kabisa; wengine zinarudi zenyewe, wengine daktari huwachoma sindano ndogo pale pale. Kuna za upungufu wa damu, kuna za rovu, hizo mtu hutibiwa damu au shingo, na kichwa kinafuata. Kuna wanawake ambao nywele zao hupungua utosini mwaka hadi mwaka kwa kurithi, na kwao iko dawa ya kupaka inaitwa minoksidili, inapatikana Arusha kwenye maduka makubwa ya dawa. Nikamuuliza kama inafanya kazi kweli. Akasema kwa wengine ndiyo, kwa wengine hapana, inataka miezi mingi, mwanzoni nywele zinaweza hata kuzidi kutoka, ukiiacha faida yake inaondoka, na mwenye mimba asiiguse. Nilimwamini kwa sababu alinitajia na ubaya wake. Kijana wa mnadani hakuwa na ubaya hata mmoja wa kutaja.

Na kuna zinazotoka pembeni, juu ya masikio na kwenye paji, kwa kuvutwa na rasta nzito juu ya nywele zilizolainishwa na dawa. Hizo nadhani ndizo zako. Sisemi kwa hakika, mimi si daktari na nimeshakosea kichwa kimoja. Nesi anasema zikiwahiwa, ukaacha kuvuta, nyingi zinarudi. Zikicheleweshwa, tundu linafunga. Hakuniambia kuna siku ngapi katikati. Nilimuuliza mara mbili.

Siku ile kwenye pipa, kabla hujageuka, niliona kitu kingine. Kwenye ile ngozi inayong'aa kulikuwa na nywele fupi laini, kama za mtoto mchanga, zimesimama kwenye mwanga. Kwangu hazikuwepo kamwe. Zile ndizo zimeninyima usingizi, kwa furaha na kwa hofu, maana najua kilichomo kwenye kopo kinaweza kuzimaliza kwa wiki moja.

Sijalitupa kopo lako. Nililishika mara tatu. Lakini nikilitupa utanunua lingine Singida, na utalificha vizuri zaidi, umejifunza kwa mtu hodari.

Huenda unajiuliza kama Paskalina alinisamehe. Nilikaa miaka mingi bila kuuliza. Tulisalimiana, tulisaidiana kulima, alikupenda wewe kuliko alivyokuwa na sababu ya kukupenda, na neno lile lilikaa kati yetu. Miaka mitatu iliyopita nilikwenda Nambis, nikamkuta jikoni anachochea moto. Nikapiga magoti. Akaniuliza nimeangusha nini.

"Nimekuja kuomba msamaha. Kwa lile la msiba."

Alisukuma ukuni ndani ya moto. "Umechelewa, wifi," akasema. "Yule seremala ana watoto wakubwa sasa. Mmoja ana sura mbaya kweli." Akacheka mpaka akakohoa, kisha hakucheka tena. "Nilikuwa nazifukia nyuma ya zizi," akasema. "Zako na zangu na za mama, pamoja. Mama ndiye aliyenifundisha hivyo. Ningekuonyesha, ungeniambia tu kwamba unaogopa."

Hilo ndilo ninalolibeba. Si kwamba nilimshuku, maana kushuku kunakuja kwenyewe. Ni kwamba sikumwambia naogopa. Na msamaha wenyewe nimeuomba jikoni, watu wawili na sufuria, wakati tusi nililitoa mbele ya ukoo mzima. Hilo bado ninadaiwa, na wazee waliokuwepo wanapungua. Mwezi ujao kuna kikao cha ukoo. Nimeshamwambia baba yako kwamba nitasimama.

Sasa jambo la kesho.

Tangu tulipotengwa na Arusha tukawa mkoa wetu wa Manyara, watu wamesema mengi kuhusu nini kitakuja Babati, na mimi nimeshuku mengi kati ya hayo. Lakini nesi ameniambia, na nimehakikisha kwa mtu wa pili, kwamba yuko daktari wa ngozi anayefika Babati Alhamisi moja kila mwezi, na Alhamisi hiyo ni kesho. Basi lako la Singida linaondoka Babati, na chuo kinakupokea mpaka Jumapili. Siku moja haitaharibu kitu. Tutalala kwa binamu yangu, na Ijumaa utaendelea.

Nimesema tutalala. Nitakuja na wewe. Nguo yangu nimeshainyoosha.

Najua unachoogopa, kwa sababu nilikiogopa mpaka nikamharibia mtu maisha yake. Si ugonjwa unaoogopa. Ni ule wakati daktari, mwanamume usiyemjua, atakaposema "sasa nionyeshe," na mkono wako utakwenda kwenye fundo la kitambaa na kukataa kufungua. Sitakulazimisha. Ukiamua kubaki kwenye benchi, nitakaa na wewe kwenye benchi, kisha nitakusindikiza kwenye basi na sitasema neno.

Ila nimeomba nafasi mbili, moja kwa jina lako na moja kwa jina langu. Daktari pengine ataniambia tena kwamba kovu halioti nywele, nami nitamuuliza maswali yangu yote, nimeyaandika. Chukua kopo lako, tumuulize na hilo. Mlango wa chumba chake utakuwa wazi kwako. Utaniona nikikaa kwenye kiti, utaniona nikifungua kitambaa mbele yake, na utakiona kichwa cha mama yako kilivyo, kwa mara ya kwanza, mchana, kwenye mwanga wa dirisha.

Nitaingia mimi kwanza.

Mama yako